Sepetu la Baba Ingwe

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya. Ilianza vizuri, kama ilivyo kawaida ya siku mbaya. Chai ilikuwa na tangawizi, mbwa wangu Ingwe alikuwa amelala miguuni pangu, nami nilikuwa nikiwaza viwanja vya Mamboleo nitakavyouza nikipata mnunuzi. Mara nikasikia yowe nje.

Fabian amekanyaga mzigo.

Naandika "mzigo" kwa sababu nililelewa vizuri. Fabian hakusema mzigo. Alilisema lile neno lenyewe, kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, na mwisho kwa Kiingereza, ili hata mwenye ploti hii ya nyumba za kupanga aliyeko Nairobi aelewe. Yeye ni mtu wa bodaboda, jirani wa mlango wa pili, na viatu vilikuwa vipya. Ploti nzima ikatoka kuangalia kiatu. Watu wa mtaa huu wa Manyatta hawana kazi!

Keateka wetu, Mzee Dalmas, msimamizi wa ploti, akaitisha mkutano papo hapo kando ya mfereji. Akasema uwanja ni wa wote. Hapo tunachota maji, hapo tunaanika nguo, hapo jirani Mama Lornah anaanika omena zake za kuuza, dagaa wa ziwani, juu ya neti. Mwenye mbwa na azoe mavi ya mbwa wake. Wote wakanigeukia. Ploti ina mbwa mmoja.

Sikutetereka. Niliwaeleza kwa upole kwamba mimi ni mtu wa kufuata sheria. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Sasa nizoe kwa nini? Wanataka nifungwe? Nikaona nimewaweza. Mama Lornah akaingia kwake, akatoka na sepetu la kuzolea majivu, akaliegemeza mlangoni pangu. Akasema, "Hii serikali haijakataza, Baba Ingwe."

Watu wakacheka. Mke wangu Nasipwondi pia alicheka. Nilimwona.

Kisha hukumu. Jumapili jumuiya ya kanisa inakuja kusali kwetu. Siku hiyo ukionekana mzigo hata mmoja uwanjani, Ingwe anahamia Asembo Bay, kwa ndugu yake Mzee Dalmas, akalinde nyavu ufukweni.

Asembo Bay! Ingwe haogelei. Ingwe anaogopa hata bata. Nilimwokota mwenyewe pale njia panda ya Mamboleo, ndani ya kreti ya mkate, akiwa mdogo kuliko mkate. Nikampa jina la timu yangu ya mpira, katika ploti ambayo hata kuku ni mashabiki wa wapinzani wetu Gor. Miaka minne ya ndoa, Mungu hajatujalia mtoto, ndiyo maana hapa naitwa Baba Ingwe. Wao wanadhani ni mzaha. Mimi huitika.

Kumtoa siwezi. Lakini kuzoa pia siwezi. Mimi ni dalali wa viwanja. Dalali hunyoosha mkono kuonyesha mpaka. Dalali hainami! Nikionekana nimeinama nyuma ya mbwa, nani ataniamini na hati ya shamba?

Njia ipo. Mwenye akili hakosi njia.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza. Safi kabisa. Fabian anafuga bata mzinga, ndege mkubwa mwenye kiburi, na hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba mizigo ya uwanjani si yake.

Asubuhi kulikuwa na mwingine, karibu na neti za omena. Nikamwita Mzee Dalmas haraka. Nikamweleza kisomi kuhusu ukubwa wa tumbo la ndege yule. Mzee Dalmas alikuwa anaanza kutikisa kichwa kama mtu anayeshawishika. Nilikaribia kushinda!

Fabian akaja na kijiti. Akachokoa. Ndani mkatokea kipande cha soksi. Bluu na nyeupe.

Kumbe soksi yangu ya timu iliyopotea haikuibwa kwenye kamba wala kutupwa. Mzee Dalmas akawauliza watu wa ploti ni nani mwingine humu anayeweza kuvaa rangi za Ingwe hadharani. Fabian akaongeza kwamba bata wake ni mtoto wa Gor, soksi kama hiyo hawezi kuitia mdomoni hata akifa njaa.

Nilimwomba Nasipwondi msamaha, maana nilikuwa nimemshuku kuwa aliitupa. Hakujali. Amelala tangu asubuhi, anasema harufu ya omena inamtapisha. Ajabu! Mtu amekula omena tangu tuhamie Kisumu, leo hataki hata kuziona. Wiki nzima sahani yake imekuwa ikienda kwa Ingwe. Hapo ndipo mwanga ukaniwakia: Ingwe anakula mara mbili, kwa hiyo anatoa mara mbili. Nikamweleza Nasipwondi kwa utaratibu kwamba chanzo cha matatizo yote haya ni yeye.

Amenirushia ndara. Nafikiri ni malaria.

Jumatano, 11 Juni

Usiniguse. Nimechoka. Nanuka ziwa.

Mpango ulikuwa huu: mbwa hupenda mahali laini. Ziwa limejaa magugu maji, yanaelea bure, hayana mwenyewe. Nikamjengea choo chake nyuma ya bafu, nikamwaga tuktuk nzima ya magugu maji. Kijani, laini, ya kupendeza. Hata mimi nilitamani kukaa.

Ingwe akanusa. Akazunguka. Akalala usingizi mzito. Alipoamka akajinyoosha, akatembea taratibu hadi katikati ya uwanja, akashusha mzigo wake, akarudi kulala.

Jioni vyura wakaanza. Kumbe nimeleta kwaya! Walianza wawili watatu, wakajibizana, mwisho watu wakawa wanaongea kwa kupiga kelele ndani ya nyumba zao wenyewe. Mama Lornah, aliyekuwa akifunga mizigo yake ya safari ya kesho kwenda Asembo Bay kununua omena, akauliza kama na mimi nimeamua kuhamishia ziwa Manyatta ili Ingwe asiende mbali. Mzee Dalmas alionyesha magugu, akaonyesha geti.

Nimeyatoa yote, peke yangu, kichwani. Kubeba kichwani si kuinama. Hilo nataka lieleweke.

Kile kimzigo cha katikati ya uwanja kimezolewa na mtu. Sijui nani. Sepetu bado liko mlangoni pangu, nimeliruka nikiingia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata! Nimepata! Najiambia: Waliaula, wewe si mtu wa kawaida!

Pampas, nepi za watoto!

Nilikwenda Mamboleo kwa Saumu mwenye duka, mama mmoja mchangamfu asiyeweza kupima sukari bila kupima na habari. Nikanunua pakiti mbili, maana sikujua kiuno cha Ingwe: moja kubwa, moja ndogo. Saumu akapiga makofi. Akanipa hongera, akasema tumewaficha mno. Akauliza mama yu hali gani. Nikasema amelala, tumbo linamsumbua tangu juzi, ambayo ni kweli tupu. Akauliza mbona pakiti mbili. Nikasema tunamshukuru Mungu. Dalali haaniki mipango yake kaunta. Akaniongezea mche wa sabuni bure, akasema ni wa kuogeshea. Nikaona huyu mama anapenda mbwa. Zawadi haikataliwi.

Nyumbani nikafunga pazia, maana sitaki Fabian aibe wazo. Nikakata tundu la mkia kwa mkasi. Ingwe alitembea kiubavu-ubavu kwa muda, akagonga kabati, kisha akazoea. Kutwa nzima nimemweka ndani. Hakuna mzigo hata mmoja uwanjani! Hajafurahi kufungiwa, analia kwa sauti nyembamba mlangoni, lakini ushindi una gharama yake.

Jambo moja tu. Pampas ikijaa lazima ibadilishwe. Nilimtazama Nasipwondi. Naye akanitazama. Nikabadilisha mimi. Nilipiga magoti, na kupiga magoti ni heshima, si kuinama. Nasipwondi akasema kutoka kitandani kwamba mtu anayeweza kumpangusa mbwa matako hawezi kushindwa na sepetu.

Hajui mambo ya hadhi, maskini. Ni homa.

Ijumaa, 13 Juni

Watu wamebadilika. Wananiogopa sasa, au wananiheshimu, sijui.

Fabian alinisalimu kwa mikono yote miwili. Akanipeleka Mamboleo kwa pikipiki yake, bure, polepole, akiyakwepa mashimo. Njiani akaniambia, "Omera, ndugu yangu, wewe ni mwanaume. Mimi nilikuwa nakudharau." Nikamwambia siku zote akili hushinda nguvu. Akacheka hadi tukayumba.

Mzee Dalmas naye alinisimamisha kwenye mfereji. Akasema anasikia vilio nyumbani kwangu, na mtu mwenye vilio hivyo nyumbani hana haja ya kusumbuliwa na mambo madogo. Akauliza kama mama anapata uji. Nikamwambia kila akinywa anautapika. Akasikitika sana.

Nasipwondi alitoka alfajiri, kabla ploti haijaamka, amejifunika leso, akaenda kliniki. Nilimwambia aseme ni malaria wampe dawa asichelewe. Amerudi hana dawa. Amekaa kitandani anatazama ukuta na kutabasamu peke yake. Nilimuuliza kulikoni. Akasema ataniambia tukitulia. Malaria ikipanda kichwani ndivyo inavyofanya.

Jumapili, 15 Juni

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kanisani.

Leo ni siku ya akina baba. Padri akawaomba akina baba wote wasimame wabarikiwe. Mimi nilikuwa nimekaa zangu, nakitazama kiatu. Mwaka jana pia nilikaa. Lakini watu wa jumuiya yetu wakaanza kunisukuma mgongoni, simama, simama! Nikasimama. Nikajiambia baba ni baba, hata wa mbwa. Nikabarikiwa. Sikutaka kukaa tena.

Mchana nikawa nyumbani, suti bado mwilini, Ingwe kwenye pampas mpya, uwanja unang'aa. Nilikuwa najipongeza. Ndipo nikasikia umati getini.

Walikuwa wanaimba. Nikatega sikio nisikie wimbo gani wa Mungu. Walikuwa wananitukana! Kwa jina! Mama Lornah, aliyerudi jana, ndiye aliyekuwa akianzisha, wengine wakiitikia. Kwamba nina kichwa kama chungu. Kwamba miguu yangu ni ya kunguru lakini madhara yangu ni ya fahali. Kwamba nilikula nini hata nikafanya jambo zito namna hii. Na mengine ambayo sitayaandika, nililelewa vizuri.

Nikajua yamekwisha. Wamejua kila kitu. Wamekuja kumchukua Ingwe. Nikapiga komeo, nikamsukuma Ingwe chini ya kitanda, nikamwambia Nasipwondi asiogope, nitawakabili.

Nasipwondi alikuwa amesikiliza mstari mmoja tu. Alicheka hadi akashika ukuta. Akaniuliza mimi ni mtu wa wapi nisiyejua nyimbo za mapacha. Mapacha wakizaliwa, baba na mama hutukanwa kwa ngoma na vicheko, ndiyo heshima yao, kwetu ni hivyo na kwa Wajaluo ni hivyo.

Nikamuuliza mapacha wa nani. Alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Nikaona macho yake yakielekea kwenye zile pakiti mbili.

Ee Mungu wangu. Saumu!

Kwa Saumu zilikuwa pampas. Kwenye posho mill, wanakosaga unga, ikawa amejifungua. Ilipofika Asembo Bay wakawa mapacha, na Mama Lornah akapanda gari la kwanza kurudi. Mapazia yamefungwa, vilio vinasikika, mama haonekani siku kadhaa na madera yake ni mapana. Nani angesema si kweli?

Nasipwondi akatoa komeo, wakasukuma mlango. Wakajaa. Mama Lornah na beseni jipya la kuogeshea na kuku. Saumu na sabuni nyingine. Wanawake wa jumuiya na unga wa wimbi, ndizi na mayai. Tayari walikuwa wanagombana kwa majina: wale wa kwetu Bungoma wakisema ni Mukhwana na Mulongo, wale wa huku wakisema ni Opiyo na Odongo, maana wamezaliwa Kisumu. Na nyuma yao Fabian. Fabian, adui yangu! Alikuwa amembeba bata mzinga kifuani, amemfunga utepe. Alisema hana kingine cha thamani. Moyo uliniuma.

Mama Lornah akauliza wako wapi watoto.

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nataka kusema ukweli, ingawa pia nilimtazama yule kuku. Kabla sijaamua, Ingwe akatoka chini ya kitanda. Na pampas yake. Mkia umepita kwenye tundu, anautikisa kwa wageni.

Mama Lornah akamtazama Ingwe, akanitazama mimi.

Ingwe akamwona bata mzinga. Bata akamwona Ingwe. Ingwe akaruka juu ya beseni, akapita katikati ya miguu ya watu, akatoka nje mbio. Pampas ikabaki kwenye mfereji. Naye, kwa hofu, katikati kabisa ya uwanja, mbele ya jumuiya yote, akachuchumaa.

Ulikuwa mzigo mkubwa kuliko yote ya wiki hii. Omena tupu.

Mzee Dalmas akavua kofia. Akasema kwa huzuni, si kwa hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. "Baba Ingwe. Si leo ni Jumapili?" Akasema gari la ndugu yake linarudi Asembo Bay kesho asubuhi.

Ingwe akanitazama. Alikuwa anatikisa mkia. Alidhani amefanya vizuri. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: akilini nilikiona kibanda cha ufukweni Asembo Bay, na upepo, na Ingwe amefungwa kamba kwenye mti na nyavu zisizomjua jina.

Nikageuka. Sepetu lilikuwa pale pale mlangoni, nimeliruka wiki nzima. Nikalichukua. Nikatembea hadi katikati ya uwanja na suti yangu ya kanisani, tai ikining'inia. Nikainama.

Nikazoa. Nikapeleka shimoni, nikafukia, nikarudi, nikamwagia maji. Yote yalichukua muda mfupi kuliko Baba Yetu iliyosaliwa haraka.

Hakuna aliyecheka. Kisha Mama Lornah akapiga kigelegele, na wote wakaanza kunitukana upya, safari hii wakaongeza ubeti kuhusu mgongo wangu. Ni ubeti mzuri, nikiwa mkweli. Mzee Dalmas akavaa kofia. Akasema yeye alikataza mzigo unaolala uwanjani, na huu haukupata nafasi ya kulala. Ingwe abaki, mradi mimi niendelee kuinama. Nilimkumbatia mzee wa watu na sepetu likiwa bado mkononi. Hakupenda.

Wanawake wakaanza kuokota vitu vyao, aibu kidogo, vicheko vingi. Fabian alikuwa tayari anamfungua bata wake utepe. Ndipo Nasipwondi akatoka mlangoni. Akasema beseni na sabuni wasichukue. Hawakukosea sana. Wamewahi tu.

Vigelegele! Nafikiri hadi mtaa wa Kondele walisikia! Mama Lornah akasema yeye alijua, tangu alipomwona mtu anageuzia omena uso. Mimi nikauliza wamewahi nini. Ilibidi Fabian anieleze, kwa upole, amenishika bega, neno moja moja, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

Nikakaa chini. Hapo hapo, juu ya sepetu.

Mtoto. Si malaria. Nasipwondi akaja akakaa kando yangu, Ingwe akalala juu ya viatu vyetu. Tulimchinja kuku wa Mama Lornah. Tulisali. Tulicheza. Sijawahi kuwa na furaha kama hii maishani.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi nzuri. Chai na tangawizi. Nasipwondi anakula ndizi na kuimba.

Nikafungua mlango. Jua. Mfereji unatiririka. Ingwe amesimama kando ya neti za omena, ananitikisia mkia. Pembeni yake mzigo mpya, unafuka.

Nikalitazama sepetu. Nikatazama huku na huku. Nikafunga mlango taratibu.

Hebu tufikiri kama watu wazima. Jana niliinama, kweli, na sijuti. Lakini ilikuwa dharura. Mtu akiinama kila siku inakuwa tabia. Na sasa mimi ni baba mtarajiwa, hadhi imepanda, wateja wataulizia.

Halafu nikaona jambo ambalo hakuna mwingine katika ploti hii ameliona. Mwakani kutakuwa na mtoto anayetambaa katika uwanja ule. Watoto ni watoto. Kikionekana kitu karibu na neti, nitasema ni cha mtoto. Nani atamlaumu malaika? Mzee Dalmas atampeleka mtoto Asembo Bay? Thubutu! Ingwe atakuwa huru maisha yake yote. Kilichobaki ni kuwatuliza watu hawa mpaka wakati huo, na kwa hilo ninazo pampas, pakiti moja na nusu.

Nimemweleza Nasipwondi. Ameacha kuimba.

Kuna mtu anagonga mlango. Ni Mama Lornah, nimemjua kwa sauti. Hagongi kwa mkono. Anagonga kwa sepetu.